TAHADHARI: Ukiambiwa "mazabodi imeungua" (ile bodi kuu ya laptop) kwa sababu ya herufi tatu kugoma, usitoe hela

Jamani, naandika ili mwingine asilizwe kama nilivyolizwa mimi.

Mwezi uliopita mwanangu alimwaga chai ya maziwa juu ya laptop yangu. Kesho yake A, Q na Z zikafa kwa pamoja. Hebu andika Kiswahili bila A na Z: "mwanafunzi" inatoka "mwnfuni". Mimi ni mwalimu, na nilikuwa na mtihani wa kidato cha pili wa kuchapa.

Nikaenda Kariakoo kwa fundi mwenye meza ndani ya fremu ya simu. Tukakubaliana 45,000, kibodi mpya pamoja na ufundi. Akasema niiache hadi jioni, wateja ni wengi. Jioni akapiga: "Mama, kibodi nimeshabadilisha, ila mazabodi imeungua upande wa kibodi. Ongeza 120,000 ninunue IC, ile chipu yake." Mtihani ulikuwa Jumatatu. Nikatuma.

Siku ya tisa A ikazima tena. Safari hii nikampa kijana wa jirani anayesomea kompyuta, akaifungua mbele yangu mezani. Kibodi ni ileile! Mgongoni doa la chai limekauka, rangi ya kahawia, bado linanuka maziwa. Akanionyesha karatasi za plastiki zilizo chini ya batani, zimechorwa njia nyembamba za umeme. Herufi kadhaa zinatumia njia moja, ndiyo maana zinakufa kwa kundi. Ukiikausha kwa hewa ya moto zinaweza kufufuka siku chache, huku chai iliyobaki inaendelea kuila ile njia. Kwenye mazabodi hapakuwa na dalili yoyote ya kuguswa na solda. Na lililoniuma kuliko yote: RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta, ilikuwa 8GB, nimerudishiwa 4GB.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, azima kibodi ya USB uichomeke. Ikiandika herufi zote vizuri, mara nyingi ubovu uko kwenye kibodi ya laptop au ule utepe unaoiunganisha na mazabodi, na anayekimbilia kutaja mazabodi akuonyeshe kwa nini. Kama batani zote zimekuwa nzito kuitika na hukumwaga kitu, angalia kwanza Filter Keys kwenye Windows, mpangilio unaofanya batani zilizoguswa haraka zipuuzwe. Ukishikilia Shift ya kulia sekunde 8 inaweza kuwaka bila wewe kujua, na hiyo haihitaji fundi.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, piga picha ya RAM na diski. Mwonyeshe fundi kuwa unayo. Kaa hapo akifungua, na kibodi ya zamani uondoke nayo mkononi. Nisiwaonee mafundi wote: kuna laptop ambazo kibodi imegandishwa kwenye kava kwa vipini vingi vya plastiki, kazi yake ni ndefu kweli, na anayekutoza zaidi kwa hilo si mwizi.

Nimerudi pale mara mbili. Meza ile sasa inauza kava za simu. Mwenye fremu anasema alimkodisha yule fundi mwezi mmoja tu, na namba yake haipatikani. Kama kuna laptop uliyomwachia fundi wa meza ya kukodi, ifuate leo, usisubiri akupigie.