Vuta N'kuvute yangu ina pengo, na kijana wa duka anataka niongeze hela

Jamani hivi wauza vitabu wetu wanataka kweli watu wasome? Juzi kati nilijinunulia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, filamu yake ya 2021 nilishaiona nikasema ngoja niende kwenye kitabu chenyewe. Utamu umekolea, Yasmin kashamkimbia mumewe yule mzee Bwana Raza, ndugu zake hawamtaki, kahamia Ng'ambo, mtaa wa hukohuko mjini Zanzibar, kwa shoga yake Mwajuma, Denge naye ndo kwanza anajitokeza na siasa zake za kumpinga Mwingereza, mara nageuza ukurasa najikuta nasoma vitu nilishavisoma! Fungu zima la kurasa limejirudia na zile zilizotakiwa kufuata hazipo kabisa. Nakuja kuibukia huko mbele watu washapendana hawasikii la mtu, mimi hata sijui walianzaje.

Nikarudi dukani kistaarabu, risiti mkononi. Kijana macho hayatoki kwenye simu. Nikamwekea kitabu mezani nikamwonyesha. "Kwani dada uko fomu siksi?" Nikamwambia hapana, nasoma tu. "Sasa kama hufanyi mtihani hizo kurasa za nini?" Halafu, na hapa ndo nilitamani kuruka kaunta, akavuta mwongozo, vile vijitabu vya kujibia mtihani, kwenye rafu, eti chukua huu, humu kuna dhamira, wahusika, migogoro, kila kitu, utaongeza kidogo tu. Niongeze hela! Yani nimekuja kudai riwaya yangu mtu ananiuzia "Yasmin ni jasiri na hapendi kuonewa". Hivi tumefika huku, riwaya tamu kiasi kile imegeuzwa maswali na majibu, na ukionekana mtu mzima umeishika lazima uwe na mtihani?

Nikaondoka na hasira zangu nikahamia kwa Mzee Rukhsa, kitabu cha maisha yake alichoandika Rais Ali Hassan Mwinyi mwenyewe, ilitoka 2021. Mwanzoni nilikuwa naisoma kama natafuta ugomvi, kila sentensi naiona ndefu, naona mzee mpole mno. Kisha nikafika kwenye habari ya 1977, alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu watuhumiwa walikufa mikononi mwa watu wa serikali huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Nikaweka kitabu chini kidogo. Waziri mzima anaachia ngazi kwa makosa ya waliokuwa chini yake, mwenzangu wa kaunta neno samahani limemshinda! Toka hapo nikakisoma kwa heshima, na kile Kiswahili chake laini nilichokuwa nakibeza ndo kikawa kinanishikilia mpaka usiku.

Ya Rais Mkapa aliyemfuata, My Life, My Purpose, nayo nimeisoma, sina mengi. Mauaji ya Pemba ya Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi na polisi, hakuyakwepa, anakubali ni doa kwenye uongozi wake, hapo nampa maua yake. Ila mzee aliyewahi kuwa mhariri, Kiswahili anacho cha kumwaga, kitabu chake kikatoka kwanza kwa Kiingereza, alikuwa anamwambia nani maisha yake? Au basi, labda bado nina hasira za duka.

Kuhusu duka lenyewe nilishasema sirudi, sirudi tena. Lakini tuseme ukweli, Mzee Rukhsa nimeipata hapohapo, kurasa zote zipo, na maduka mengine niliyopita ni madaftari na vitabu vya shule mwanzo mwisho. Kwahiyo sijui. Labda nitarudi siku yule kijana hayupo. Na nitafungua kila ukurasa palepale mbele ya kaunta, foleni ikae tu.

Pengo nimelijazia kwenye nakala ya binamu yangu aliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) fomu faivu na siksi. Imechorwachorwa kalamu nyekundu kila mahali, DHAMIRA, TAMATHALI, MAPENZI, hadi maneno mengine hayaonekani, lakini kipande chote kipo, na ni kitamu jamani, nimekisoma mara mbili, hasira zikanipanda upya. Ndo hiki nilichoambiwa hakina kazi kama sifanyi mtihani?