Banda la mbao la farasi na punda: angalia nguzo kabla ya paa

Malalamiko yanayotoka Njoro, Gilgil na Rongai, kaunti ya Nakuru, ni yale yale. Banda la malishoni bado jipya machoni, paa halivuji, mbao za ukutani ni ngumu, ila ukiliegemea linayumba. Nguzo kwa nje ni ya kijani na nzima kabisa. Ukiigonga karibu na ardhi inalia kama debe tupu. Mwenye banda analaumu mchwa. Mchwa wamo kweli, lakini aliyewafungulia ni yule aliyeikata nguzo.

Kwa hiyo nimepanga mabanda yanayouzwa na kujengwa huku Nakuru na magharibi mwa Kenya kwa kigezo ambacho wauzaji hawakigusi: hali ya nguzo pale inapoingia ardhini, inchi sita juu na inchi sita chini. Mengine yote yanarekebishika. Ubao ukivunjika unapigiliwa mwingine, bati likipasuka linabadilishwa. Nguzo ikioza unalishusha banda zima.

Vipimo nivimalize haraka. Farasi mmoja mkubwa anataka futi 12 kwa 12, wawili 12 kwa 24. Punda wawili wanaopatana hutosheka na futi 10 kwa 10, na punda usimnyime paa, kwa sababu manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi na mvua ya Molo humlowesha hadi kwenye ngozi. Mbele pawe wazi, kwani farasi mbabe humbana mwenzake kwenye kona na kumpiga mateke hadi amuumize. Mgongo wa banda uelekee kule upepo wa mvua unakotoka shambani kwako. Usishangae farasi wakisimama nje mvua ikinyesha kisha wakajaa bandani saa saba mchana, maana kinachowakimbiza mara nyingi ni jua na nzi. Usubi unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na banda lililo wazi haliuzuii. Hapo zungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo.

Sasa nguzo.

Kuvu anayeozesha mti anataka maji na hewa kwa pamoja. Futi tatu chini ya ardhi hewa ni haba. Futi tatu juu, mti unakauka baada ya kila mvua. Penye uso wa ardhi vyote viwili vipo mwaka mzima, na bandani mwa farasi huongezeka mkojo, samadi na matandiko yanayorundikwa kwenye nguzo. Ndipo mti huanza kuoza, kila mara.

Nguzo za kijani za mkaratusi zimetiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki kwa mtambo wa presha. Dawa hiyo huingia kwenye mti mweupe wa nje tu, kiini cha mkaratusi hakiinywi. Yaani unanunua ganda lenye dawa lililozunguka mti usio na dawa. Ncha zilizotoka kiwandani angalau zimenyonya dawa kidogo kupitia upande uliokatwa. Fundi akija na msumeno akakata kitako, kiini kiko wazi, na akikizika mchwa wanapanda katikati wakila kimya kimya huku ganda la kijani limesimama. Na mafundi hufanya hivyo kila siku! Wanaletewa nguzo za futi 14, wanataka za 11, wanakata upande mnene kwa sababu hauingii vizuri shimoni. Nunua urefu unaoutaka. Ikibidi kukata, kata juu tu, paka dawa ya mbao mara mbili pale palipokatwa, kisha funika na kipande cha bati.

Kosa la pili hutokea kiwandani. Mti ukitiwa dawa ukiwa mbichi, maji yamejaza nafasi ya dawa. Ukija kukaukia shambani kwako unapasuka, na ufa unapita ganda hadi ndani. Ukiwa yadini, chagua nguzo moja katikati ya rundo, si ile unayopewa, na uombe wakate kipande upande wa juu. Pete ya kijani izunguke pande zote bila kukatika, unene wake usipungue milimita 20. Ukiona madoa meupe ndani ya pete, ondoka. Nyufa nyembamba kama uzi ni kawaida. Ufa unaopitisha ncha ya kisu hadi kwenye kiini ukatae. Muuzaji asiyekubali kukata sampuli anajua kilichomo.

Kosa la tatu ni saruji inayomiminwa chini na pembeni mwa nguzo. Mti ukisinyaa, pengo linabaki, maji ya mvua yanaingia na hayana pa kutokea. Chimba futi tatu na nusu. Udongo wa majivu ya volkeno wa Gilgil na Rongai ni mwepesi, futi mbili hazishiki, na banda lililo wazi mbele huingiza upepo unaoinua paa na nguzo pamoja. Weka kokoto inchi sita chini, simamisha nguzo juu ya kokoto hizo, kisha saruji pembeni tu. Saruji imalizikie inchi mbili juu ya ardhi, ikiteremka kutoka kwenye nguzo ili maji yatiririke nje.

Nafasi ya kwanza: banda la fundi, nguzo za mkaratusi zenye dawa, kuta za saiprasi

Kwa mwenye ardhi yake sipendekezi kingine kabla ya hili. Banda la farasi wawili linataka nguzo tisa: nne nyuma za futi 11, tatu mbele za futi 13, na moja katikati ya kila ubavu ya futi 12. Ukizika futi tatu unabaki na futi 8 nyuma na 10 mbele, mteremko unaotosha mabati ya mawimbi na nafasi ya farasi kuinua kichwa. Mbele, juu ya nguzo, funga mbao mbili za inchi 8 kwa 2 kwa bolti, zisipigiliwe misumari peke yake. Kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, za 6 kwa 2 ziwe saba, kila futi nne, na kila moja ifungwe kwenye boriti kwa ukanda wa chuma.

Mbao za ukutani zipigwe upande wa ndani wa nguzo. Mafundi wengi huzipiga nje kwa sababu zinapendeza, lakini farasi akipiga teke anazing'oa na misumari inabaki imemwelekea. Zikiwa ndani, teke linazikandamiza kwenye nguzo. Futi nne za chini ziwe za 6 kwa 2. Kuta tatu zina jumla ya futi 48 na unahitaji safu nane, kwa hiyo futi 384 kabla ya mabaki, agiza 420. Juu ya hapo 6 kwa 1 inatosha. Ubao wa chini kabisa uinuke inchi mbili kutoka ardhini, usizidi, la sivyo farasi aliyelala huingiza kwato na kushindwa kuitoa. Nyuma, chini ya paa, acha mwanya wa futi moja wa hewa. Kingo ambazo farasi anaweza kuzifikia kwa meno zifunikwe na chuma cha pembe, hasa za nguzo, kwa sababu ile dawa ina aseniki na hatakiwi kuitafuna.

Juu ninaweka bati la kampuni ya Mabati Rolling Mills, na sifichi upendeleo wangu. Bati lao lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, geji 28, linastahili bei yake. Geji ikipanda namba bati linakuwa jembamba, na mjini wapo wanaouza 32 kwa jina la 30. Nunua kwa wakala wao, soma chapa kwenye bati lenyewe. Rangi nyepesi hupunguza joto, jambo ambalo Kisumu halina mjadala. Hakikisha tu banda liko wazi: hewa ya mkojo ikifungiwa ndani hula bati la aina yoyote.

Nafasi ya pili: nguzo za mtarakwa

Kiini cha mtarakwa hakihitaji dawa. Mchwa huuogopa mti huu, kuvu huushinda polepole sana, na farasi akiutafuna hadhuriki na aseniki. Ningeuweka wa kwanza kama usingekuwa na karaha ya kuupata. Miti ya asili inalindwa, na mbao hazisafirishwi bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, hivyo nguzo isiyo na karatasi inaweza kukuponza njiani. Nguzo kuukuu zilizong'olewa kwenye ua wa shamba la zamani ndizo za kutafuta. Chonga mti mweupe wa nje wote uondoke, kwa kuwa huo huoza kama mti mwingine wowote. Kinachobaki kiwe na unene wa inchi tano.

Nafasi ya tatu: banda la kuburutwa

Hili hutengenezwa karakanani na kukaa juu ya magogo mawili, likavutwa kwa trekta. Linamfaa aliyekodi shamba, na matope hayarundikani mahali pamoja. Ila tatizo letu la nguzo limelazwa chini: magogo yote yanagusa ardhi urefu mzima. Yadai yawe yametiwa dawa baada ya kukatwa, si kabla, na uyaweke juu ya kokoto kila unapohama. Lifungwe pembe nne kwa vyuma vilivyopigiliwa ardhini. Mengi ninayoyaona yana kimo cha futi saba, kimo cha punda.

Za bei ya chini

Nguzo za saiprasi zisizo na dawa hazistahili kuzikwa. Kuta za mabanzi, yaani vipande vya nje vya gogo, zina magome, na magome huficha wadudu. Oili chafu ya injini inayopakwa badala ya dawa haiingii ndani ya mti, huunguza ngozi na ina metali zenye sumu ambazo farasi atazilamba.

Bei zinauma, na hapa wenye yadi wana la kujibu. Serikali ilipozuia ukataji wa miti mwezi Februari 2018, bei zilipanda na kila mtu alielewa. Rais Ruto alitangaza kuondoa zuio hilo Julai 2023, hapa hapa Molo, na bado mteja anatajiwa uhaba wa miti kama sababu. Halafu mbao yenyewe! Unalipa 6 kwa 2, unapimiwa iliyopasuliwa kwa pawa (msumeno wa injini), yenye inchi 5½ kwa 1½. Hesabu mwenyewe: inchi 12 za mraba zimekuwa 8¼, karibu theluthi ya mti uliolipia haipo, na safu zako nane zinafika inchi 44 badala ya 48. Nenda na tepu, pima kila ya kumi, na vipimo viandikwe kwenye risiti kabla pesa haijatoka.

Kwa walio uwanda wa Kano, udongo mweusi hupasuka na kuzikunja nguzo. Ondoa futi moja ndani ya banda, jaza maramu na uishindilie kwa tabaka, iinuke kuliko ardhi ya nje. Kisii na Kakamega, ambako radi hupiga sana, banda lisikae chini ya mti uliosimama peke yake.

Vipande vya kijani vinavyobaki visiingie jikoni wala kwenye moto wa takataka. Moshi wake una aseniki, na majivu yake yana ladha ya chumvi ambayo ng'ombe na farasi huifuata kuilamba. Vikusanye siku ile ile fundi anapomaliza, kabla mtu hajavichukua kuwa kuni.