Pleti ya namba ya mbele iliposombwa na maji Jangwani: nilivyotengeneza nyingine na kuifunga

Gari langu ni Toyota IST ya 2004, namba D, yaani herufi tatu za mwisho za pleti zinaanza na D. Najua siku hizi mtu akiuza gari anatangaza "namba E" kwanza, ile mpya zaidi, kabla hajasema injini ikoje. Sawa tu. Hii D yangu haina deni la trafiki wala la maegesho, na nilitaka ibaki hivyo. Ndiyo maana pleti ya mbele ilipopotea masika yaliyopita nilihangaika kuliko thamani ya kibati chenyewe.

Ilikuwa jioni, natoka Kariakoo kwenda Magomeni hapa Dar, na Jangwani, lile bonde la Mto Msimbazi, maji yameshaanza kupanda barabarani. Daladala iliyokuwa mbele yangu ikapita, nami nikajitia kidume nikaifuata. Maji yalifika nusu ya tairi. Gari halikuzima, nikajipongeza njia nzima. Asubuhi mlinzi wa ofisini akanisimamisha getini: "Bosi, mbele uko uchi."

Nikashuka kuangalia. Fremu ya plastiki imebaki kipande, na kwenye bampa kuna matundu mawili yaliyochanika. Fundi aliyenifungia siku nanunua gari alitumia skrubu mbili za mbao, akazikandamiza moja kwa moja kwenye plastiki ya bampa, akasema kazi imeisha. Kwenye barabara kavu ilidumu miaka. Ila ukiingia kwenye maji kile kibati kinasukumwa kama tanga, na skrubu ya mbao ndani ya plastiki haina cha kung'ang'ania.

Mchana nikarudi Jangwani. Vijana walikuwa wameokota pleti kadhaa kwenye tope na kuzipanga ukutani kama viatu vya mtumba. Nikazipitia moja moja, yangu haipo. Mmoja akanifariji: "Kaka, yako itakuwa imeshapita daraja la Salender, iko baharini."

Hapa ndipo nilipokosea. Shemeji yangu ana fundi wake wa uchochoroni anayetengeneza pleti, nikapelekwa huko. Elfu kumi, dakika ishirini. Hakuuliza kadi ya gari, wala jina langu. Nilimtajia tu namba kwa mdomo kama mtu anayeagiza chipsi. Alitaka anitengenezee zile za herufi za plastiki zilizotuna, za 3D, nikakataa kwa sababu hizo trafiki anaziona tangu mbali. Nilipoondoka nilikuwa nimefurahi. Usiku ndiyo nikaanza kuwaza: kama mimi nimetengenezewa bila karatasi, basi yeyote anaweza kwenda pale akataja namba yangu, akaifunga kwenye IST yake ya rangi ya fedha kama hii. Na hapa Dar IST za rangi ya fedha ziko ngapi? Kijana wa maegesho anapiga namba kwenye mashine yake, deni linakaa kwenye namba. Haliangalii sura ya dereva.

Pleti yenyewe haikumaliza mwezi. Jua lilianza kuinua karatasi ya njano, ikatoa malengelenge kwenye kona. Halafu herufi zake zilikuwa nyembamba kuliko za pleti ya nyuma, kitu ambacho mimi sikukiona ila trafiki alikiona kwenye mataa. Alizunguka gari mara moja tu, akarudi dirishani. "Hii ya mbele umechongea wapi?" Sikuwa na jibu la maana. Faini elfu thelathini, nikapewa kontro namba ya kulipia. Jumla ya pleti ya bei rahisi: elfu arobaini.

Safari ya pili nikafanya kama inavyotakiwa. Nikajaza los ripoti ya polisi, ile taarifa ya kupotelewa na kitu, mtandaoni, nikaichapa, nikachukua nakala ya kadi ya gari na kitambulisho, nikaenda kwa mtengenezaji anayetambuliwa na TRA, mamlaka ya mapato. Swali lake la kwanza: "Binafsi au biashara?" Maana gari binafsi ni njano na la biashara ni nyeupe, na kuna watu wameanza kubeba abiria wa mtandaoni wanadhani wakibadilisha rangi ya kibati inatosha, kumbe kadi bado inasoma binafsi. Akalinganisha kadi na los ripoti, herufi kwa herufi, kidole chake kikitembea. Nikapenda. Ule ucheleweshaji uliokuwa ukiniudhi kwenye maofisi, safari hii nilitamani aongeze.

Kutengeneza kwenyewe ni kitu cha kutazama. Bati la alumini linakuja likiwa tayari limebandikwa karatasi ya njano inayoakisi mwanga. Anapanga vipande vya chuma vya herufi na tarakimu kwenye reli, anaweka bati juu, anavuta mkono wa mashine, na namba inatokea imetuna lakini bado ni ya njano tupu, huwezi kuisoma vizuri. Kisha anaipitisha kwenye rola ya moto yenye utepe mweusi, rangi inashika palipotuna tu. Harufu yake ni kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ya nailoni. Nilishauriwa nitengeneze zote mbili ili zifanane, nikakubali. Elfu thelathini kwa jozi. Kulikuwa na jamaa pembeni anaulizia pleti ya jina lake. Aliposikia bei yake akanyamaza. Kwa hela hiyo, ukibembeleza vizuri, mtaani unapata IST nzima yenye namba C.

Sasa kufunga, na hapa ndipo ninapotaka usikilize, kwa sababu pleti nzuri ikifungwa vibaya utairudia safari ya Jangwani.

Magari yetu mengi yametoka Japani, na pleti ya Japani ni fupi na pana, sentimita 33 kwa 16 na nusu. Nyuma hakuna shida: kishimo cha IST kinapokea pleti yetu ya mraba, ile yenye mistari miwili. Mbele tunaweka ndefu, ambayo matundu ya Kijapani hayaifikii pembeni. Ndiyo maana kila fundi anakimbilia drili. Wa kwangu alikuwa ameshaielekeza kwenye bampa nikamshika mkono. Nyuma ya pale kuna nini? Hakujua. Tulivyochungulia kwa chini, palikuwa na waya wa taa za ukungu, na nyuma kidogo rejeta, ile ya maji ya kupoza injini.

Tulichofanya: matundu mawili ya asili yapo, na yanapokea bolti za milimita 6, zile za spana namba 10. Tukafunga pale kipande cha bati pana kidogo kuliko pleti, kisha pleti ikafungwa kwenye hilo bati kwa bolti nne, washa (vile visahani vya chuma vya bolti) mbele na nyuma, nati za kujikaza zenye plastiki ndani. Kati ya bati na bampa nikakata vipande vya tyubu ya baiskeli. Hivyo vya tyubu ni wazo langu na ninajisifia: pleti haigongi tena ukipita kwenye matuta, na bampa haichubuki. Chagua bolti zisizoshika kutu. Zile za kawaida zinalia machozi ya kahawia juu ya njano ndani ya masika moja, na bolti ya kushoto ya nyuma kwangu ilikuwa imeoza hadi tukaikata kwa msumeno.

Tukiwa nyuma, tukabadilisha na balbu ya taa ya namba, ile ndogo ya wati 5. Ilikuwa imeungua sijui tangu lini.

Fremu za machinga wa kwenye mataa sizipendekezi. Nilinunua mbili, moja nyekundu ya Simba kwa ajili yangu, moja ya Yanga kwa shemeji, kama asante kwa fundi wake wa uchochoroni. Zote zina ukingo mpana unaomeza chini ya herufi, na zinashika kwa vijino vya plastiki. Ya Yanga ilipasuka wiki ya pili. Sisemi kitu. Yangu niliitoa mwenyewe kabla haijaniaibisha.

Mtengenezaji nampa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu walifungua saa nne wakati mlangoni wameandika saa mbili, na dada wa mapokezi akatuambia tuwe wavumilivu huku anakunywa chai. Fundi wa kufunga nampa tatu: mikono yake mizuri, ila usimwachie drili peke yake. Wa uchochoroni hana nyota.

Wiki iliyopita mvua imenikuta tena Jangwani, na tena nikapita, sina cha kujitetea. Nilipofika nyumbani nikashuka na tochi ya simu kabla hata sijafungua geti. Bolti zote nne zipo, pleti haijatikisika. Maji yameondoka na kava ya chini ya injini. Mwenye kava ya IST nzima, isiyounganishwa kwa waya, anitajie bei.