Ruzuku ya utafiti au ufadhili wa PhD: ipi ya NIJ inakufaa?

Wanaotafiti uhalifu Marekani hawaachi kubishana: ruzuku kubwa ya Taasisi ya Taifa ya Haki (NIJ), au ufadhili wake kwa wanafunzi wa PhD?

Kwa pesa, ruzuku inashinda bila ubishi. Inalipa wasaidizi, safari, hata data. Ufadhili unakulisha wewe na tasnifu yako tu, lakini miaka yake 3 unaweza kuitumia ndani ya 5. Gereza likichelewesha kibali cha kuhoji wafungwa, unasitisha malipo, unafundisha kidogo, kisha unarudi. Hapo mimi naupa alama.

Makaratasi ni yale yale: fedha zote hupitia chuo, maombi huanzia Grants.gov na kumalizikia JustGrants (tovuti za serikali za kuombea ruzuku), na data hutakiwa kukabidhiwa NACJD, hifadhi ya data za uhalifu kule Michigan.

Uhakika je? Aprili 2025 Wizara ya Sheria, iliyo juu ya NIJ, ilifuta ruzuku zaidi ya 350 kazi ikiendelea. Ruzuku ikifutwa hivyo, mwenye timu anabaki na mishahara ya watu mkononi.

Una swali la tasnifu na msimamizi makini? Omba ufadhili. Polisi wameshasaini kukupa kumbukumbu zao, na una watu wa kuzichambua? Nenda na ruzuku.