Usukani wa kuchongesha: mbao au kaboni?

Kwa boti ndogo za tanga za resi kama 505 mi bado nasimama na mbao, vipande vya mwerezi vilivyogundishwa kisha vikavikwa faiba na epoksi (gundi ngumu ya maji mawili), maana ukigonga mwamba unaziba mwenyewe wikendi hiyohiyo, ila usiache ufa hata mdogo, maji yakiingia mbao inavimba na umbo limeharibika. Kaboni yenye povu ndani ni nyepesi na haipindi, na uzito ukipungua kule nyuma kabisa boti haichezi sana kwenye mawimbi, lakini bei yake jamani! Umbo ndo muhimu zaidi, NACA 0012 (umbo la bawa ambalo unene wake ni asilimia 12 ya upana) yenye upana sm 25 toka mbele hadi nyuma inataka unene mm 30. Nyie wa ILCA (boti ya tanga ya mtu mmoja, zamani ikiitwa Laser) msichongeshe, sheria za resi zenu haziruhusu.