Uzoefu wangu: kuchangia podikasti inayotegemea wasikilizaji wake

Podikasti ninayoizungumzia inahusu historia ya safari za baharini, inaendeshwa na watu wawili tu, na haijawahi kupitisha tangazo la biashara hata moja. Kila mtu husikiliza vipindi vikuu bila malipo. Anayechangia hupewa kiungo chake binafsi, akakibandika kwenye programu ya kusikilizia, na kuanzia hapo vipindi vya ziada humfikia pamoja na vile vya kawaida.

Niseme wazi kwamba vipindi hivyo vya ziada si sababu ya kutoa pesa. Vingi ni mazungumzo yaliyobaki baada ya kurekodi, na anayevitegemea atavunjika moyo mapema. Ninachokithamini ni kwamba watangazaji hawalazimiki kumfurahisha mdhamini yeyote: mada ikihitaji saa mbili hupewa saa mbili, na utafiti usipokamilika hutamka hivyo na kuahirisha kipindi. Utaratibu wenyewe si mgeni, kwa maana redio ya KPFA ya Berkeley, Marekani, ilianza kurusha matangazo mwaka 1949 kwa kutegemea michango ya wasikilizaji, na podikasti ya No Agenda, iliyoanza mwaka 2007, nayo hufuata njia hiyo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni wachangiaji wenyewe, ambao wametapakaa mabara yote na aghalabu wanajua mengi kuliko watangazaji. Katika kipindi kimoja ilielezwa kwamba mabaharia wa zamani waliweza kupima longitudo kwa kutazama jua la adhuhuri peke yake. Katika kipindi kilichofuata ukasomwa ujumbe wa baharia mstaafu, aliyefafanua kwa upole kwamba kimo cha jua hutoa latitudo, ilhali longitudo huhitaji pia kujua saa ya mahali pengine, na ndiyo maana saa ya baharini ya John Harrison, fundi saa Mwingereza, ilileta mageuzi makubwa katika karne ya 18. Mtangazaji alikubali, akamwomba aeleze zaidi, na maelezo yale yakazaa kipindi kizima, ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote.

Majina ya wachangiaji wapya husomwa mwishoni. Utamsikia mtangazaji akifika kwenye jina asilolizoea, akisita, akilitamka silabi kwa silabi, kisha akilirudia kwa sauti ya mtu aliyevuka mto. Wapo wanaoiruka sehemu hiyo. Mimi huisikiliza, ingawa nakiri kwamba siku hizi orodha imekuwa ndefu kupita kiasi.

Upande wa malipo ndio unaohitaji uangalifu. Makato ya muamala kwa kawaida huwa na kiasi maalumu kisichobadilika pamoja na asilimia ya fedha zinazotumwa, kwa hiyo mchango mdogo wa kila mwezi humegwa mara kumi na mbili kwa mwaka, na aliye nchi nyingine huongezewa gharama ya kubadilisha sarafu. Nilipolitambua hilo nilihamia mchango wa mwaka mzima. Vilevile ni afadhali kujiandikisha kupitia kivinjari, kwa sababu malipo yanayofanyika ndani ya programu za iPhone yanaweza kukatwa kamisheni ya hadi asilimia 30. Kadi yangu ilipoisha muda, kiungo changu kilinyamaza bila taarifa yoyote, nami nikadhani watangazaji wako likizoni.

Jambo ambalo bado silikubali ni ukimya kuhusu matumizi. Tunajua kwamba fedha hulipia uhifadhi wa sauti, uhariri na vitabu vya utafiti, lakini hatujawahi kuonyeshwa hesabu yoyote, hata ya ukurasa mmoja. Nimewaandikia kuomba taarifa fupi ya kila mwaka. Wamejibu kwa adabu kwamba wanalifikiria, na mchango wangu unaendelea huku nikiisubiri.