Santuri za laki au tepu za asetati: kipi kinakiliwe kwanza?

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, redio nyingi duniani zilikuwa zikihama kutoka santuri kwenda tepu. Ndiyo maana kabati la zamani la kituo huweza kuwa na vyote viwili. Fedha ikitosha kimoja tu, anza na santuri.

Laki, yaani utando laini unaochongwa mifereji ya sauti, imepakwa juu ya bamba la alumini, au kioo kwa zile za wakati wa vita. Laki husinyaa, bamba halisinyai. Siku moja ngozi hiyo ya laki inapasuka na kubanduka, na mahojiano ndiyo yamekwenda. Unga mweupe unaoweza kuuona juu ya santuri ni asidi ya mafuta inayotoka ndani ya laki yenyewe. Husafishika, ila usithubutu kutumia spiriti, itaila laki. Santuri ya inchi 16 hubeba kama dakika 15 kila upande, na inahitaji meza pana. Nyingine huanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo soma lebo kabla ya kushusha sindano.

Tepu ya asetati, aina ya plastiki, angalau hutoa onyo: inanuka siki. Imulike ubavuni, mwanga ukipenya, ni asetati. Inayonuka itenge na nzima. Ikikatika hukatika safi, na utepe wa kuungia unatosha. Kuipasha kwenye oveni ni kuiua: tiba hiyo ni ya tepu za baadaye zinazonata.

Zote nakili kwenye kompyuta kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, kwa ubora wa kHz 96, biti 24. MP3, faili lililobanwa, ni ya kusikiliza tu.